Zipu Haikuwa Imekatika

Mwezi Machi mwaka 2023, jua la Nairobi likiwa kali na mvua za masika hazijaanza, binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa amejifunga sweta kiunoni. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kawangware, hatua chache kutoka barabara ya lami, na macho yangu yamezoea kutafuta kasoro ya nguo kabla ya kumwangalia aliyeivaa. Nilidhani zipu ya sketi imekatika, nikamwambia aivue aniletee niitengeneze kabla giza halijaingia. Alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akatoka mbio kuelekea bafu la ploti, nami nikaendelea kupiga pasi kola ya shati la mteja huku nikinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Alikuwa na umri wa miaka 12, yuko Gredi ya Sita. Mama yake alikuwa Riyadh, ambako alikwenda kufanya kazi za nyumbani Januari 2022 kwa mkataba wa miaka miwili. Simu yake alikuwa akiachiwa usiku tu, kazi zikishakwisha. Bahati ni kwamba saa za Riyadh na za Nairobi ni zile zile, kwa hiyo mazungumzo yetu yote ya ndoa katika miaka hiyo yalifanyika kati ya saa nne na saa tano za usiku, yeye akinong'ona na mimi nikinong'ona ili mtoto asiamke.

Kwetu Mombasa, msichana anapovunja ungo, hilo si neno la baba. Yupo mama, yupo shangazi, na katika enzi za bibi zetu alikuwapo somo wa kumfunda mwari yote anayopaswa kuyajua. Baba hupata habari kwa njia ya kuzunguka, au hapati kabisa. Lakini katika chumba kimoja cha Kawangware chenye pazia katikati, shangazi hayupo wala somo hayupo. Alikuwapo mtoto nyuma ya pazia na mimi mbele yake.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, Mama Wambui. Alikuja kibandani jioni ile, akasubiri mteja aondoke, kisha akaniambia kwa sauti ya chini iliyojaa hasira: "Fundi, huyu mtoto yuko siku ya tatu. Unajua amekuwa akitumia nini?" Sikujua. Alinipeleka kwenye gunia langu la vipande, lile ninalotupia masalio ya vitambaa nikimaliza kukata, akanionyesha. Binti yangu alikuwa akichagua bitana za satini kwa kuwa zilikuwa laini mkononi, na ndani yake akiweka zile sponji za mabega tunazozitia kwenye koti. Mtu yeyote anayejua vitambaa anajua kwamba satini ya namna ile hainyonyi kitu, na kwamba sponji hubeba maji vizuri mpaka uikalie. Siku tatu mtoto alikuwa ameketi darasani akiogopa kuegemea, akiogopa kusimama, na mapaja yake yakiwa na michubuko, wakati baba yake anaishi kwa kuuza maarifa ya vitambaa.

Usiku huo nilikwenda kioski kununua pedi. Nilisubiri mpaka wanunuzi wa maziwa walipopungua, nikanong'ona kwamba nataka "zile za wasichana". Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha matatu kama nataka zenye mabawa au zisizo na mabawa, ndefu au za kawaida. Sikujua kwamba pedi zina mabawa. Nilichukua pakiti moja ya pedi nane kwa shilingi 75, akaifunga kwa gazeti kuukuu, nikaenda nayo kwapani kama mtu aliyeiba mkate.

Pakiti moja ndiyo kosa langu la pili, na nalitaja kwa kirefu kwa sababu nimelisikia kwa wanaume wengine tangu wakati huo. Nilidhani pedi nane ni nyingi. Hesabu yenyewe ni hii: hedhi ya siku tano, pedi ikibadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita mtoto akiwa macho, inahitaji pedi zisizopungua kumi na tano, yaani pakiti mbili. Ukimpa mtoto pakiti moja, hatakuja kukuambia kwamba haikutosha. Atavaa moja kutoka asubuhi mpaka jioni, atarudi na sweta kiunoni, nawe utajisifu kwamba umetimiza wajibu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Aprili na Mei.

Shilingi 150 kwa mwezi zinaweza kuonekana ndogo kwa anayesoma haya. Kwa siku ambayo wateja wangu ni wawili, mmoja wa kukunja pindo na mwingine wa kubadilisha zipu, fedha hizo ndizo unga na mafuta ya taa. Nilijua kwamba Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, kabla ya nchi nyingi duniani, na ni jambo la kujivunia, ila kodi kuondolewa hakumsaidii asiye na bei yenyewe. Nilijua pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha na za ubora unaofaa. Shuleni kwa binti yangu ziligawanywa mara moja tu mwaka 2023. Waligawiwa gwarideni, majina yakiitwa mmoja mmoja, wavulana wakihesabu nani ameitwa na nani hajaitwa. Wasichana watatu wa darasa lake walikataa kujitokeza.

Niliposema na mama yake kwa simu, alinyamaza muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha aliuliza kwa nini mtoto alikaa siku tatu bila kuniambia. Nilijibu kwamba ni aibu za kitoto. Alinitaka nimuulize mwenyewe, nami nilichukua karibu mwezi mzima kupata ujasiri.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Ulicheka, Baba."

Tarehe 14 Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na suruali nyeupe yenye doa la damu, akatakiwa aondoke ukumbini. Redio ya kibandani ililizungumza suala hilo siku nzima. Wateja walikuwapo wawili au watatu, mmoja akatoa mzaha ambao sitaurudia hapa, na tukacheka sote. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya cherehani akifanya hesabu za shule. Mimi hata sikumbuki kama alinyanyua kichwa. Yeye anakumbuka mzaha ule neno kwa neno, na wiki tatu baadaye, doa lilipokuwa lake, alijua tayari baba yake yuko upande gani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema nani alimfundisha kuuficha.

Nilimwomba radhi. Sikuwa nimewahi kumwomba mtoto radhi, na nililifanya vibaya, nikichanganya radhi na mawaidha. Alinisikiliza akichezea uzi, halafu akasema kwamba anachotaka ni chupi mpya.

Hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Pedi hushikwa na chupi, na chupi zake zilikuwa tatu, mbili zikiwa zimelegea lastiki. Pedi nzuri kwenye chupi iliyolegea husogea nyuma mtoto akipanda ngazi, ikaacha nafasi wazi mbele. Tangu nimeelewa hivyo, kila ninapoona picha za watu wakigawa katoni za pedi katika mitaa kama yetu, hutafuta katika picha hiyo kama chupi zimo. Nilinunua sita kwa shilingi 50 kila moja, na naweza kusema kwamba shilingi 300 zile zilileta tofauti kubwa kuliko pakiti zote za mwanzo.

Mwezi Juni niliamua kushona. Neno sodo lenyewe lilikuwa la kitambaa kabla halijawa la pakiti za dukani. Bibi yangu alitumia vipande vya leso kuukuu, yaani kanga, akavifua na kuvitunza miaka. Nilijiambia kwamba nikishindwa kushona kitu alichokishona bibi kwa mkono, basi nimekaa kwenye cherehani bure. Majivuno hayo yalinigharimu shilingi 640 na wiki mbili.

Sodo sita za kwanza nilizishona kwa leso juu, taulo katikati, na nailoni ya mwavuli chini ili zisivujishe. Nilizipiga mshono katikati, urefu wote, ili taulo lisisogee, na kwa macho zilikuwa nzuri. Zilivuja siku ya kwanza, kwa sababu mshono ule wa katikati ulitoboa nailoni kwa sindano kila baada ya milimita mbili, na uzi ukaisafirisha damu kupitia matundu hayo hayo. Nailoni nayo ilimtia joto na harara. Leso niliyotumia ilikuwa mpya, ina dawa ya kiwandani inayoifanya ing'ae, na kitambaa cha namna hiyo hakinyonyi mpaka kifuliwe mara kadhaa. Nilizitupa zote sita.

Zilizofuata ndizo tunazotumia hadi leo, kwa hiyo nitazieleza. Chini ninaweka kile kitambaa kisichopitisha maji kinachoshonewa nepi za watoto. Nilikipata Barabara ya Biashara katikati ya jiji, na ingawa bei yake ni kubwa kwa mita, mita moja hutoa sodo nyingi. Juu ninaweka pamba nyepesi ya rangi isiyokoza, iliyofuliwa kwanza. Mshono unapita pembeni tu, kamwe si katikati. Mabawa mawili hujifunga chini ya chupi kwa kifungo cha kubonyeza. Na sehemu ya kunyonya, ambayo ni flaneli ya pamba tabaka tatu, sikuishonea ndani. Niliiacha iwe kipande cha peke yake kinachoingizwa kama barua kwenye bahasha, kwa sababu tabaka tano zikishonwa pamoja huchukua siku mbili kukauka, na katika ploti yetu hakuna kitu kinachoachwa kwenye kamba siku mbili. Ya mchana ina urefu wa sentimita 25; ya usiku nimeiongezea sentimita 7 upande wa nyuma.

Kufua kuna kanuni zake, na Mama Wambui ndiye aliyetufundisha. Maji baridi kwanza, kwa sababu maji moto hulifanya doa la damu ling'ang'anie. Loweka, suuza mpaka maji yawe meupe, ndipo utie sabuni ya kipande ya kawaida. Dawa ya kulainisha nguo isitumike, maana huipaka pamba utando ikaacha kunyonya, na dawa ya kung'arisha huila flaneli mapema.

Hesabu yangu ya kwanza ilisema sodo za kitambaa ni bure baada ya kuzishona. Nilikuwa nimesahau maji. Ploti yetu ina vyumba kumi na vinne na mfereji mmoja, na wakati wa mgao maji hutoka siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunanunua mtungi wa lita 20, ambao wakati wa uhaba hufika shilingi 20. Kufua sodo vizuri kulituchukua nusu mtungi kwa siku, yaani mitungi miwili na nusu kwa hedhi ya siku tano, shilingi 50, pamoja na sabuni. Ni nafuu kuliko 150, lakini si bure. Na mwezi ambao mfereji ulikauka siku tisa mfululizo, tulirudi kwenye pedi za dukani bila mjadala, kwa sababu sodo iliyofuliwa nusunusu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa kamba. Binti yangu alizianika mara moja tu. Jirani mmoja wa kiume alimpelekea msimamizi wa ploti malalamiko kwamba hawezi kula chakula chake akitazama vitu vile, na msimamizi, mtu mpole asiyependa kelele, akaniomba "nitafute njia". Nilitaka kugombana. Binti yangu hakutaka ugomvi. Bila kuniambia, akaanza kuzikausha chini ya godoro. Mwezi Julai alianza kuwashwa, akavumilia wiki nzima, mpaka nikasikia kupitia kwa Mama Wambui kwa mara nyingine tena.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alieleza kwamba kitambaa chenye unyevu ni shamba la kuvu, akatoa dawa ya kupaka, kisha akamuuliza binti yangu maswali ambayo mimi sikuwa nimewahi kuyauliza: huumwa kiasi gani, hutoka siku ngapi, hukosa shule mara ngapi. Katika robo saa ile nilijifunza kwamba kwa miaka michache ya mwanzo hedhi kuruka tarehe ni kawaida. Kwamba maumivu ya tumbo yakandwe kwa chupa ya maji moto, na dawa ya maumivu inywewe mapema badala ya kusubiri mtoto ajikunje. Na kwamba hedhi ikizidi siku saba, au pedi ikijaa kila saa moja au mbili, hapo asikae nyumbani, aletwe, kwa kuwa anaweza kuishiwa damu. Ninawasihi akina baba waingie na mtoto chumba cha muuguzi ikiwa mtoto amekubali, na watoke mara anapoonyesha kwamba angependa watoke. Mimi nilitolewa kwa maswali mawili ya mwisho, na sijui yalikuwa yapi.

Julai ya Nairobi haina jua. Mawingu hukaa juu ya mji wiki nzima kama blanketi lenye maji, na hata suruali ya jinzi huhitaji siku tatu. Hapo ndipo pasi yangu ya kibandani ilipopata kazi mpya. Kila jioni, baada ya wateja, nilizipiga pasi zile flaneli mpaka ziache kutoa mvuke, kisha nikazikunja kwenye mfuko wa pamba. Kwa siku za jua nilishona chandarua cha kuanikia, wavu uliokunjwa mara mbili wenye leso nyepesi kwa nje, ambao unapitisha hewa na joto ilhali mpita njia anaona leso tu. Mimi bado naamini kwamba jirani yule ndiye aliyepaswa kugeuza kiti chake. Lakini kamba ilikuwa ya binti yangu kuliko ilivyokuwa yangu, na alichagua leso.

Rangi pia ilituletea ubishi. Yeye alitaka nyeusi yote ili doa lisionekane. Mama Wambui alipinga, akisema usipoliona doa hujui kama umesafisha. Tulipatana kwamba upande wa mwili uwe mweupe au wa kahawia isiyokoza, na upande wa chini uwe na maua yoyote atakayo.

Kwa shuleni, kitambaa kilitushinda, na ni vema niseme wazi. Vyoo vyao havikuwa na komeo, maji yalikuwa upande wa pili wa uwanja, na ndoo ya taka haikuwapo. Nilimshonea kipochi cha kitambaa cha nepi chenye zipu ili arudi na iliyotumika bila harufu, lakini baada ya wavulana kumnyang'anya mkoba mara moja kwa mchezo, hakutaka tena. Kwa hiyo tunachanganya: pedi za dukani siku za shule, kitambaa usiku na mwisho wa wiki. Pakiti moja sasa inatosha mwezi. Pedi iliyotumika hufungwa kwa gazeti na kuwekwa kwenye taka anazochukua kijana wa mkokoteni. Haitupwi chooni, jambo tulilojifunza ploti nzima pale choo kilipoziba na kila chumba kikatozwa shilingi 200 za kukizibua.

Binti mkubwa wa Mama Wambui, aliyekuwa chuo kikuu, alitueleza kuhusu kikombe cha hedhi cha silikoni, ambacho huvaliwa ndani, humwagwa angalau kila baada ya saa 12, huchemshwa kati ya hedhi moja na nyingine, na kinaweza kudumu hata miaka kumi. Kwa hesabu ya fedha hakuna kinachokishinda. Nilikikataa kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu zile ambazo baba wa Kiislamu wa Mombasa hahitaji kuzitaja. Mke wangu aliponisikia kwa simu usiku ule alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilivaa kitu hicho hata nikawa na rai. Binti yetu alisema hataki kwa sasa. Tuliliacha hapo, kwa neno lake.

Mkataba wa mama yake uliisha Januari 2024. Tulimpokea uwanja wa ndege usiku wa manane, na asubuhi yake alipofungua sanduku, chini ya mabuibui na chokoleti, zilitoka pakiti kumi na mbili za pedi alizozinunua moja moja kila alipotumwa dukani. Binti yetu alicheka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na mfuko wa pamba. Mama yake alizitoa sodo moja moja, akazigeuza, akavuta kifungo, akapitisha kidole gumba kwenye pindo.

"Mshono wa hapa umekaza mno," akasema. "Utamkwaruza."

Nilichukua kifumulio nikaketi kwenye cherehani.